Kutoka Mwalo wa Nyabwiro hadi Sinki la Southall

Siku niliyostaafu mlinizawadia mashine ya kufyonza vumbi. Mlicheka sana, nami nikacheka, kwa kuwa kila mmoja wenu anajua kwamba kwa miaka ishirini na miwili mashine ya namna ile haikuvuka kizingiti cha karakana yetu. Sasa iko sebuleni kwangu Ilford, na binti yangu Neema anaiendesha kwa furaha. Mimi bado nafagia kwa brashi. Halafu mmoja wenu, sitamtaja, akaniomba niandike ninayoyajua, kwa sababu tangu niondoke mnabishana nani aoshe ndoo. Basi haya. Habari za mshahara sitaandika, mnazijua. Za cheo ndiyo kabisa, maana karatasi za kazi zilisema msafishaji siku naingia, na zikasema msafishaji siku natoka.

Wengi wenu mnadhani nilifundishwa kazi hii hapa Southall. Nilikuja nayo.

Nimezaliwa Nyabwiro, kijiji kidogo kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania. Msihangaike kukitafuta kwenye simu. Kabla sijazaliwa palikuwa na nyumba tisa, mitumbwi na dagaa. Siku moja mchuuzi wa dagaa akaanza kuchimba choo nyuma ya nyumba yake, na alipofika kimo cha kifua akakutana na jiwe lenye mshipa wa njano. Hakumwambia mtu, alimwambia mkewe tu. Mkewe naye hakumwambia mtu, isipokuwa dada yake. Mwezi haukuisha ikatokea rashi. Rashi ndilo neno letu la watu kumiminika mahali palipoonekana dhahabu; wanakuja na sururu, na magodoro, na manabii. Penye nyumba tisa pakawa na baa tatu, makanisa mawili, msikiti wa mabati, fundi saa, na hakuna choo hata kimoja, kwa sababu kila shimo lililoanzwa kwa nia ya choo liliishia kuwa duara la kuchimbia dhahabu. Mpaka leo sisi watu wa Nyabwiro tukiulizwa kijiji chetu kilianzaje, tunaangalia pembeni.

Rashi ina tabia ya kuhama. Habari zikaja za jiwe jingine huko mbele, wenye sururu wakaondoka, na manabii wakaondoka nyuma yao. Waliobaki ni waliokosa nauli, waliopata wachumba, na kina mama walioosha marudio. Marudio ni mchanga ambao mtu mwingine ameshauosha akachukua dhahabu yake, akautupa akiamini umekwisha. Mama yangu aliosha marudio ya watu, halafu akaosha marudio ya marudio. Tulikuwa tukikaa pale mwaloni, ufukweni hapohapo mitumbwi ilipoegeshwa na dagaa walipoanikwa, kila mama na karai lake na kigoda chake. Vumbi la mawe liliruka mpaka kwenye dagaa. Ndiyo maana dagaa wa Nyabwiro walikuwa na mchanga, na ndiyo maana waliowatafuna walitema kwa uangalifu mkubwa.

Na kulikuwa na adabu moja ambayo lazima niieleze vizuri, maana ilikaribia kunifukuzisha kazi. Nyabwiro hakuna mtu anayesema amepata. Ukimuuliza mtu, "Za kazi?" anajibu, "Vumbi tu." Aliyepata kidogo anasema vumbi tu. Aliyepata nyingi anasema vumbi tu na kulalamika kiuno. Anayetangaza kwamba amepata ni yule ambaye hajapata kitu na anatafuta kuoa. Dhahabu haitajwi kwa mdomo. Unaifunga kwenye ncha ya kanga, unalala nayo, na kesho yake unaiweka kwenye kiganja cha mwenyewe, basi hapo ndipo imepatikana. Na kabisa kabisa humwambii mtoto wa mtu habari za dhahabu ya baba yake. Hatukuona kwamba ni uongo. Tuliona ni ustaarabu, kama kutomwambia mwenyeji kwamba mchuzi umezidi chumvi.

Lakini msije mkadhani kila cha Nyabwiro kilikuwa kizuri. Mama alikamata dhahabu kwa zebaki, akiikoroga kwa vidole vitupu, kisha akaichoma kwenye jiko lilelile la ugali. Hakuna aliyetuambia kwamba ni sumu. Nilipokuwa na miaka kama kumi na sita mikono yake ilianza kutetemeka, karai likamshinda. Nikawa naosha mimi, yeye amekaa mbele yangu ananielekeza kwa kidevu. Inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo yule aliyewahi kunitania kwamba nilete zebaki karakanani nikamfokea mbele ya wateja, sasa anajua kwa nini.

Mume wangu alitangulia Uingereza kwa kazi ya unesi, nami nikafuata na Neema mgongoni. Tulipanga Ilford. Nilisafisha ofisi za watu ambao sikuwahi kuwaona. Niliwajua kwa makombo yao tu. Kisha wakala wa kazi akanipigia simu kwamba kuna karakana ya sonara huko Southall, wasafishaji watatu wameacha ndani ya mwaka mmoja, je, naweza kujaribu. Nikauliza waliacha kwa nini. Akasema mwenyewe ana masharti.

Karakana ilikuwa palepale ilipo leo, juu ya duka la sari, ngazi nyembamba, kengele mbovu. Mzee Kirpal, Singasinga mwenye kilemba cha bluu, aliniangalia juu ya miwani, akaanza kunisomea masharti kwa Kiingereza cha polepole, kama vile mimi ni kiziwi. Hakuna mashine ya kufyonza. Ni brashi, na vumbi linaingia kwenye pipa lile. Maji ya kunawa mikono hayaendi kwenye bomba, yanaingia kwenye ndoo ile. Aproni haziendi nyumbani. Na hiki kipande cha zulia kikichakaa hakitupwi, kinachomwa na majivu yake yanahifadhiwa. Kadiri alivyoendelea ndivyo kicheko kilivyonipanda, mpaka kikanishinda. Nikajisemea kwa sauti, "Kumbe na hawa wanaosha marudio!"

Mzee akatua tupa mezani. "Umesema nini?"

Kiswahili! Nilitaka ndoo inifunike.

"Nimesema marudio, mzee."

"Marudio ni nini?"

"Ni vumbi la dhahabu. Linahifadhiwa lije lioshwe tena."

"Na wewe umejua aje?"

Nikamwambia nimezaliwa Nyabwiro, na Nyabwiro iko wapi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mimi ni wa Kisumu," akasema. "Ziwa ni moja. Basi wewe ni jirani yangu, Mama. Kuja nikuonyeshe meza."

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu. Alinionyesha ile ngozi inayoning'inia chini ya meza ya fundi kupokea unga wa tupa, na jinsi ya kuikung'uta bila kupiga chafya. Alinionyesha sumaku ya kutolea unga wa chuma kabla ya jambo lolote. Na alinionyesha suruali yake. Fundi wa dhahabu hatakiwi kuvaa suruali yenye pindo, maana vumbi linaingia mle na kwenda nyumbani. Nyinyi mnavaa jinzi zenye matundu magotini, vumbi linapita moja kwa moja, sina neno. Mzee Kirpal alikuwa na suruali za kitambaa zilizoshonwa Kisumu, kila moja na pindo la upana wa vidole vitatu, na hakuwa tayari kuziacha kwa ajili ya dhahabu wala kitu kingine. Kwa hiyo kila jioni kabla hajavaa koti, nilipiga magoti mbele yake na brashi ndogo na karatasi, nikafungua pindo la kulia, nikalipangusa, kisha la kushoto. Wakati huo yeye alinisimulia filamu alizoziona Kisumu akiwa kijana. Kila jioni kipande. Filamu moja ilimalizika baada ya miezi miwili, na wote walikufa.

Zamani vumbi na tope la ndoo vilipelekwa kiwandani kusafishwa kama vilivyo, na kilichorudi kilimfanya mzee agune. Nikamwambia, tuoshe wenyewe kwanza, tupeleke kile kizito tu. Akaniuliza kwa mashine gani. Nikaenda barabara kuu, kwenye duka la vyombo, nikaomba karai. Mwenye duka akaniuliza napikia watu wangapi. Nikamwambia ni la kuoshea mchanga. Akaniletea kiti nikae.

Nanyi mnaobishania ndoo, sikilizeni hapa. Kwanza sumaku. Pili, tone moja la sabuni ya vyombo, si matatu, ili dhahabu laini isielee. Kwetu tulitumia povu la sabuni ya kufulia. Tatu, tikisa karai huku na huku bila kumwaga chochote, mpaka kizito kishuke chini. Ndipo uinamishe, kidogo, maji yachukue kilicho chepesi. Watu wote hukosea hapa. Wanaona maji yanaenda vizuri, wanapata tamaa, wanainamisha zaidi, na dhahabu inaruka ukingo inaingia beseni la pili, lile la kupokea maji chini ya karai. Kazi yote iko kwenye kifundo cha mkono. Na Januari vaeni glavu, ushujaa hauna faida yoyote kwenye maji ya Southall.

Nilipoosha mara ya kwanza pale sinki la kona, mzee alisimama nyuma yangu nusu siku nzima. Nilipomaliza akauliza, "Umepata?"

"Vumbi tu, mzee."

Akasikitika. Akaniambia si kitu, nimejaribu, akanipa sambusa yake. Niliila kwanza, maana ilikuwa ya moto. Kisha nikaukamata mkono wake, nikaufungua, nikaweka kiganjani kile kidonge cha njano nilichokuwa nimekifunga kwenye kanga. Akakitazama, akanitazama.

"Lakini umesema vumbi!"

"Ndivyo tunavyosema."

Alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku ile ikawa mchezo wake. Akiwa na wageni atanipigia kelele kutoka mezani, "Mama Neema, umepata?" nami nitajibu vumbi tu, naye atawatazama wageni kwa fahari, na wageni hawaelewi kitu.

Mwaka mmoja alikuja afisa wa usalama kazini. Alinikuta nimeinamia karai, sabuni pembeni, akauliza kwa upole hii ni shughuli gani. Mzee akasema ni ya asili. Afisa akaandika, akatuagiza tubandike tangazo la kunawa mikono, na jokofu letu akalisifu. Nilikuja kuisoma ile ripoti baadaye. Sinki letu la dhahabu liliandikwa jiko.

Jaspal, mtoto wa mzee, nyinyi mnamjua akiwa bosi. Mimi nilimjua akiwa anasoma chuo na kuja Jumamosi kula chakula cha baba yake. Kiswahili hajui, alizaliwa hapahapa. Ni mtu mwema na wa mpangilio, na alipoanza kusimamia karakana aliweka kamera moja darini, juu kidogo ya mlango. Mimi huniita Auntie. Kwa miaka mingi jambo kubwa tulilotofautiana lilikuwa redio.

Kisha mzee akaanza kusahau. Mwanzoni tulicheka sote, naye akiwemo. Koleo lilikutwa kwenye jokofu. Miwani ilitafutwa saa nzima ikiwa juu ya kilemba. Kulikuwa na wachumba walioleta pete zao kupanuliwa, akapunguza ya bwana akapanua ya bibi, wakaondoka wamechanganyikiwa. Na mikono yake, iliyokuwa ikichomelea mnyororo mwembamba kama uzi, ikaanza kutetemeka. Nilipouona mtetemeko ule nilishtuka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeshauona mahali pengine.

Siku moja hereni ya mteja ilipotea siku mbili, ikakutwa ndani ya kopo la sukari. Jaspal alimwambia baba yake mbele yangu, bila hasira, "Papa, kitu cha mteja kikipotea tena, unaacha meza."  Mzee alikuwa amekaa kwenye ile meza tangu Jaspal hajazaliwa, na aliichonga mwenyewe. Jioni ile nilipompangusa pindo hakunisimulia filamu.

Baada ya wiki chache akaja Bi Harbans. Alikuwa amefiwa na mumewe, na alitaka pete ya marehemu ipunguzwe ili aivae yeye. Aliivua kwenye mkufu shingoni, akaishika muda mrefu kabla ya kuiachia. Mzee alimwambia, "Dada, nitaifanya kwa mkono wangu." Ijumaa aje kuichukua.

Jumatano mchana pete haikuwepo. Tulipekua ngozi ya meza, droo, birika, kopo la sukari kwanza kabisa. Jaspal alilala chini kifudifudi na tochi. Mzee aliapa kwamba aliiweka mahali pake na hakuigusa tena, na jinsi alivyoapa nilijua hana hakika. Mara kwa mara alinitazama, kama mtu aliye darasani anayetaka jirani yake amnong'oneze jibu.

Jioni nikapiga magoti na brashi yangu kama kawaida. Alianza kunisimulia filamu ambayo alikwisha kunisimulia. Pindo la kulia lilikuwa na vumbi tu, vumbi la kweli. Nilipofungua la kushoto, kitu kikaniangukia kiganjani, kizito. Sikuhitaji kukitazama. Jaspal alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na mzee mwenyewe alikuwa mbali, yuko Kisumu na mhusika wake mkuu juu ya farasi. Nikafanya alichonifundisha mama yangu. Nikaifunga pete kwenye ncha ya kanga niliyojifunga kiunoni, nikapangusa pindo nikamaliza, nikainuka.

Nilikuwa na mpango, na ulikuwa mzuri. Kesho asubuhi ningeosha tope la ndoo ya kunawia mbele ya watu wote, na katikati ya tope ingeonekana pete. Ingekuwa imeponyoka kidoleni wakati wa kunawa, jambo ambalo linaweza kumpata yeyote, hata Jaspal. Hakuna ambaye angeondoka mezani.

Pale mlangoni Jaspal akaniuliza kwa Kiingereza, amechoka kabisa, "Auntie, umepata chochote?"

Mtu mwingine yeyote duniani angesema, bado tunatafuta. Lakini lile lilikuwa swali la Nyabwiro, na mdomo wangu ukajibu wenyewe kabla sijaupa ruhusa.

"Vumbi tu," nikamwambia, na nikaenda zangu Ilford na pete ya watu kiunoni.

Njia nzima kwenye treni nililishika lile fundo la kanga kwa mikono miwili, kama mtu mwenye chango. Abiria mmoja aliniachia kiti. Nyumbani nikamweleza Neema mpango wangu, nikitegemea anisifu. Akaacha kula.

"Mum, that's stealing."

"Si wizi, ni adabu."

"Mum. Mna kamera."

Nilikuwa nimeisahau. Naapa nilikuwa nimeisahau, kama mnavyoisahau nyinyi mnapokula biskuti mezani.

Asubuhi nilimkuta Jaspal ameshafika, kompyuta imefunguliwa mbele yake. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Akanigeuzia kompyuta. Nikajiona mimi kwa nyuma, mgongo mpana kuliko nilivyodhani, nimepiga magoti, naokota kitu, nafunga kwenye kanga, natazama mlangoni. Hata mimi ningejishuku. Nilifungua kanga, nikaweka pete mezani.

"Uliipata wapi?"

"Sakafuni."

"Nilikuuliza. Ulisema hakuna kitu."

"Kwetu tukipata tunasema hatujapata."

Nilipoyasikia maneno yale yakitoka kwa Kiingereza, nikatamani kuyarudisha.

"Kwa hiyo ukiniambia hakuna kitu," akasema polepole, "maana yake kipo?"

"Mara nyingi."

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo, lakini naleta!"

Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Akasema ananiheshimu kama mama yake, lakini hana budi kumpigia wakala na kuandika ripoti, maana pete iliondoka kwenye jengo. Akachukua simu, akaanza kutafuta namba.

Nataka mjue kwamba niliogopa. Masonara wa Southall wote wanajuana, na msafishaji akishaitwa mwizi wa dhahabu hata maduka ya mikate hayamtaki. Nilikuwa na sentensi moja ya kuniokoa, fupi kabisa: ilikuwa kwenye suruali ya baba yako. Ilinijia mpaka kwenye meno. Lakini sentensi ile ndiyo ingemtoa mzee mezani, na nilimwona tayari, amekaa nyumbani, amevaa kilemba cha bluu, hana pa kwenda. Nikafunga mdomo.

Mzee akaingia na chai yake. Akaitazama kompyuta.

"Hii filamu gani?"

Jaspal akamweleza kwa Kipunjabi. Mzee akavuta kiti, akaomba irudishwe mwanzo. Akaitazama yote. Akaomba tena irudishwe. Mara ya tatu akaweka kidole kwenye kona ya juu ya picha, penye saa.

"Saa kumi na moja na robo," akamwambia mwanawe. "Saa hiyo kila siku huyu mama anafanya nini?"

Jaspal akasema hajui, anafagia. Mzee akasogeza kidole mpaka pembeni kabisa mwa picha, mahali ambapo palionekana ncha ya kiatu cha kahawia.

"Na hiki ni kiatu cha nani?"

Jaspal akatazama picha, akainama akatazama chini ya meza. Kiatu kilikuwa palepale, mguuni mwa baba yake. Akaiweka simu chini. Akazima redio.

Kisha mzee akanigeukia mimi, kwa Kiswahili, ili yabaki yetu. "Ilikuwa kwa suruali yangu?"

"Vumbi tu, mzee."

Akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo akicheka. Akafungua kiganja. Nikaichukua pete pale mezani, nikaiweka mahali inapowekwa.

"Asante, jirani," akasema. Na kwa Kiingereza akamwambia mwanawe kwamba anaacha meza. Sasa Jaspal ndiye aliyekataa. Akasema si lazima, wanaweza kujadili, labda nusu siku, labda vitu vidogo. Mzee akasema, "Hapana. Ungeniambia wewe ningekataa. Lakini filamu nimeitazama mwenyewe."

Pete aliimalizia Jaspal, kwa ufundi aliofundishwa na baba yake, usiku na mchana, na Ijumaa mzee ndiye aliyemvisha Bi Harbans. Ilimkaa sawasawa. Alilia, akatuombea baraka sote. Kwamba mumewe alilala Ilford siku moja hatukumwambia, na nawaomba nanyi msimwambie.

Nilidhani Jumatatu mzee hataonekana. Saa tatu asubuhi nikasikia hatua kwenye ngazi, na mapumziko mawili katikati. Akaingia, akaipita meza yake bila kuitazama, akavua saa ya mkononi, akapindua ndoo tupu pembeni ya sinki langu, akaikalia.

"Sasa nifundishe kuosha," akasema.

Alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na nimewafundisha nyinyi. Nilimwambia mikono inayotetemeka ni nusu ya kazi, na hilo ni kweli kabisa, alitikisa karai vizuri kuliko mimi. Nusu iliyobaki ndiyo ilimshinda. Kila mara aliinamisha mno, maji yakaruka ukingo, dhahabu ikaenda nayo beseni la pili, naye akakitazama kilichobaki kwa furaha kubwa. Nikimkosoa alijitetea kwamba Kisumu wanaosha hivyo. Alikuja karibu miaka miwili, mpaka ngazi zilipomshinda.

Kila siku aliondoka saa kumi alasiri. Akishashuka ngazi zote na nikisikia mlango wa chini umejifunga, nilikaa kwenye ndoo yake, nikavuta lile beseni la pili, nikaosha marudio yake. Hapakupita siku nisikute kitu. Nilikichanganya na alichopata yeye, ndani ya kikopo kilichoandikwa jina lake, nikakirudisha kwenye rafu. Asubuhi alikishusha, akakipima kwenye mizani ndogo, akamwita Jaspal aje aone.

Jaspal alikuwa ameyaona yote, maana kamera inatazama sinki. Alikuja kila asubuhi, akainama mbele ya mizani, akasoma uzito kwa sauti, akamwambia baba yake kwamba Southall nzima hakuna mwoshaji kama yeye.